Amana ya Msimulizi: Mtafiti wa Historia na Neno Alilokatazwa Kuliandika

Swali linaloshughulikiwa na makala haya halikuzukia maktabani, wala si miongoni mwa maswali ambayo mhadhiri wa fasihi hutarajia kuulizwa. Miaka kadhaa iliyopita, wenzangu wa Idara ya Historia katika chuo ninachokitumikia waliniomba niwe msimamizi wa pili wa tasnifu moja ya uzamifu. Mtahiniwa alikuwa ameegemeza utafiti wake juu ya masimulizi ya wazee wa pwani, na wenzangu walihisi kwamba mtu aliyezoea kuchambua visakale, ngano na tenzi angemfaa. Nilikubali bila ya kusita. Nilidhani kwamba kazi yangu ingekuwa ni kumsaidia kutambua pale ambapo msimulizi anafuata mkondo wa kifani uliokwisha kuzoeleka, na pale ambapo anatuambia jambo alilolishuhudia yeye au baba yake. Kazi hiyo niliifanya, na haikuwa ngumu. Ugumu ulitoka upande ambao sikuuwekea mlinzi.

Mwanafunzi huyu, ambaye sitamtaja kwa jina, alikuwa akichunguza jinsi koo za kijiji kimoja cha pwani yetu zilivyopata na kupoteza mashamba tangu mwisho wa karne ya 19. Alikuwa amezungumza na mzee mmoja mara nne, na kila mara mzee alimpa nasaba ile ile iliyonyooka: babu wa babu alitoka Shungwaya, au upande wa huko, akaja na ndugu zake, wakafyeka msitu, wakapanda minazi. Mara ya tano mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, hicho chombo chako kizime." Binti alikizima kinasa sauti. Hapo ndipo mzee alipomweleza kwamba babu wa babu hakutoka Shungwaya. Aliletwa na jahazi akiwa mtoto, kutoka upande wa Ziwa Nyasa, akanunuliwa na mwenye shamba, akapewa jina la ukoo wa bwana wake, na baadaye akaozwa katika nyumba hiyo hiyo. Alipomaliza akasema: "Haya nimekwambia upate kujua. Sikukwambia upate kuandika."

Maneno hayo mawili, kujua na kuandika, ndiyo kiini cha makala haya. Chuo kikuu hakiyatenganishi. Mtahiniwa wa uzamifu hasemwi kuwa amejua jambo hadi pale atakapokuwa ameliandika, amelitolea ushahidi, na kulitetea mbele ya jopo. Kwa mzee yule, kujua kulikuwa hali ya mtu na mtu. Kuandika kulikuwa tendo jingine kabisa, lenye watu wengine ndani yake, wengi wao wasiokuwa na nia njema. Je, mtafiti aliyeambiwa jambo kwa sharti hilo ana wajibu gani? Anawajibika kwa nani kwanza: kwa aliyemwamini, kwa ukweli, au kwa wale ambao ukweli huo unawahusu ilhali hawakuwapo barazani siku ile?

Msomaji asidhani kwamba lilikuwa jambo la aibu ya kifamilia tu. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Mwaka uliofuata, 1908, ikatungwa sheria ya hatimiliki za ardhi, ambayo iliwataka wenye kudai mashamba wajitokeze na kuthibitisha madai yao. Waliokuwa na hati, mashahidi wa kuaminika mbele ya msajili, na jina la ukoo uliojulikana, walifaulu. Waliokuwa wakilima bila ya jina la aina hiyo wakajikuta maskwota juu ya udongo walioupalilia wao wenyewe. Frederick Cooper amelieleza jambo hili kwa kina katika vitabu vyake viwili, cha 1977 kuhusu utumwa wa mashambani na cha 1980 kuhusu jinsi watumwa walivyogeuka maskwota. Hivyo basi, yule mtoto wa Nyasa aliyepewa jina la ukoo wa bwana wake alirithishwa zaidi ya jina. Alirithishwa uwezo wa kusimama mbele ya msajili. Nasaba ya Shungwaya ilikuwa hati yake. Na katika pwani ya leo, ambako kesi za ardhi hazijakwisha na ambako swali la nani mwenyeji na nani mgeni huamshwa kila uchaguzi unapokaribia, mtu akiiondoa nasaba hiyo anaweza kuwa ameiondoa nyumba nzima.

Sasa tutazame lugha tunayoitumia tunapomtuma mwanafunzi nyanjani, kwa maana lugha hiyo imekwisha kulijibu swali letu kabla hatujaliuliza. Tunasema mtafiti "anakusanya data". Kitenzi kusanya katika Kiswahili hutumika kwa vitu vilivyotapakaa visivyo na mwenyewe: kuni, takataka, makumbi ya nazi. Aliye barazani tunamwita "mtoa habari" au, kwa istilahi iliyokuja baadaye, "mhojiwa". Neno mhojiwa, kwa mzee yeyote wa nchi hii aliyewahi kuitwa na chifu au kukamatwa na askari, si neno la heri. Anayehojiwa ni mshukiwa. Katika fasihi simulizi tuna jina jingine, nalo ni msimulizi, na mwenye jina hili huhesabiwa kuwa na hiari: huchagua mahali pa kuanzia, huchagua hadhira, hukatiza akitaka, na ana haki ya kusema kwamba hadithi imekwisha. Sisi wahakiki tumejifunza kwamba ukimya wa fanani ni sehemu ya utendaji wake. Sioni kwa nini mwanahistoria asijifunze hivyo pia.

Kuna sitiari moja ambayo imetuletea madhara zaidi ya istilahi zote hizo, nayo ni ile inayomfananisha mzee wa Kiafrika na maktaba, ambayo huteketea anapokufa. Tangu Amadou Hampâté Bâ wa Mali alipolitoa wazo hilo katika UNESCO mnamo 1960, limekaririwa katika pendekezo la utafiti la karibu kila mwanafunzi niliyemsimamia. Alikuwa na nia njema. Alitaka ulimwengu uheshimu elimu isiyoandikwa. Lakini tuitazame sitiari yenyewe kama wahakiki. Maktaba haina hiari. Maktaba haimwangalii anayeingia ikajiuliza ni mtoto wa nani, wala haizuii kitabu kwa sababu msomaji ana shangazi aliyeolewa katika ukoo wa adui. Maktaba inayoungua inampa yeyote aliye karibu haki ya kubeba anachoweza kubeba. Kwa njia hii sitiari ya heshima imegeuka kibali cha haraka: mzee atakufa kesho, kwa hiyo chukua leo. Mzee yule hakuwa maktaba. Alikuwa mtu aliyechagua, baada ya mikutano minne, kumwambia mtu mmoja jambo moja.

Ni kweli kwamba wanahistoria wetu wa kwanza hawakuwa na nafasi ya kulitafakari swali hili kwa starehe. Walikuwa na vita vingine. Mwaka wa 1963 Hugh Trevor-Roper wa Oxford alikuwa bado akitangaza kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundishwa ila historia ya Wazungu waliokuwamo. Kitabu cha Jan Vansina juu ya mapokeo simulizi kilikuwa kimetoka kwa Kifaransa mwaka wa 1961. Marehemu Bethwell Ogot, alipoandika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha London juu ya Waluo wa Kusini, ambayo ilitoka kama kitabu mwaka wa 1967, alilazimika kwanza kuwathibitishia wakubwa wa taaluma kwamba neno la mzee linaweza kuwa ushahidi. Baada yake walifuata Gideon Were juu ya Abaluyia, Isaria Kimambo juu ya Wapare, Godfrey Muriuki juu ya Wakikuyu, William Ochieng' juu ya Abagusii, na Ahmed Idha Salim, ambaye kitabu chake cha 1973 kiliishughulikia pwani yetu hii. Hao walipigania neno la mzee liingizwe katika kumbukumbu, wakashinda. Swali la nani anaruhusiwa kulizuia neno hilo lisiingie lilibaki nje ya mlango, na sisi tulioupata ushindi bila ya jasho hatuna udhuru wa kuliacha huko.

Kwa upande wa fasihi, sisi tunao mfano wa zamani zaidi ambao ungetuonya. Mashairi ya Muyaka bin Haji yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki mwaka wa 1890, aliyahifadhi na kumweleza mmisionari W. E. Taylor. Kutoka kwa Taylor yakaenda Uingereza, na mwaka wa 1940 William Hichens akayachapisha katika diwani iliyotolewa na chuo kikuu cha Witwatersrand. Jina la Hichens liko juu ya kitabu. Mwalimu Sikujua anajulikana na wataalamu. Wanafunzi wetu wengi hawamjui. Lakini walau Mwalimu Sikujua alitaka mashairi yahifadhiwe. Mfano wa Habari za Pate una mgogoro mkubwa zaidi. Tarehe hiyo imetufikia kwa nakala kadhaa zinazotofautiana: ile ya Stigand ya mwaka wa 1913, ile ya Alice Werner iliyofuata mara, na nyinginezo zilizokusanywa na Marina Tolmacheva katika toleo lake la 1993. Msimulizi anayetajwa nyuma ya nakala hizi ni Muhammad bin Fumo Omar al-Nabhani, maarufu kwa jina la Bwana Kitini, na inasimuliwa kwamba maandishi ya asili yaliangamia Waingereza walipoushambulia mji wa Witu mwaka wa 1890.

Wanahistoria wamelalamika kwa muda mrefu kwamba nakala hizo hazikubaliani, na wameulaumu udhaifu wa kumbukumbu. Yamkini lawama hiyo ina haki yake. Mimi, hata hivyo, huona uwezekano mwingine ambao tarehe nyingi za kitaaluma hazikuupa uzito: kwamba mtu wa nyumba ya kifalme iliyokwisha kupinduliwa, anaposimulia habari za ukoo wake mbele ya afisa wa dola iliyouteketeza mji, hana sababu ya kumwambia kila mgeni kila kitu. Anapima. Huyu anampa kiasi hiki, yule anampa kiasi kile. Tofauti za nakala zinaweza kuwa ni alama za hiari ya msimulizi, na tukizisoma hivyo tutajifunza kitu kuhusu Pate ambacho tarehe moja iliyonyooka isingetufunza. Silisemi hili kama jambo lililothibitishwa. Nalisema ili tuone kwamba kuficha pia ni tendo la kihistoria.

Nirejee kwa mwanafunzi wetu. Alikuja ofisini mwangu na daftari lake, maana usiku ule aliandika aliyoyasikia kabla hayajamtoka. Hapo palikuwa na kosa la kwanza, kama ni kosa: alikuwa amekwisha kuandika. Msimamizi wake wa kwanza, mwanahistoria ninayemheshimu, alikuwa na hoja nyepesi kueleweka. Sura ya nne ya tasnifu, inayodai kwamba koo za kijiji kile ziliundwa kwa kuwaingiza watu wa nje na wala si kwa uzao peke yake, ilihitaji ushahidi kutoka ndani. Ushahidi huo sasa umepatikana. Abadilishe jina la mzee, abadilishe jina la kijiji, aandike. Hivyo ndivyo inavyofanywa kote duniani.

Nilimuuliza mwanafunzi kama jina la kubandika lingemsitiri mzee. Alicheka, kicheko kisichokuwa na furaha. Kijiji kile kinaelezwa katika sura ya pili kwa ramani, kwa msikiti wake na kwa kisima chake. Koo zenye mashamba ya upande wa bahari ni tatu. Mtu yeyote wa huko akiisoma tasnifu atajua ni nani kabla hajafika mwisho wa ukurasa. Jina la kubandika humficha msimulizi kwa watu wa London na Nairobi, ambao hawana haja naye. Kwa jirani yake, ambaye ndiye aliyemwogopa, halimfichi hata kidogo. Ni stara ya upande usiokuwa na upepo.

Hapo ndipo nilipotoa shauri langu, na ninalieleza hapa kwa sababu sina hakika tena kama lilikuwa shauri zuri. Nilimwambia kwamba alichopewa ni amana. Katika maadili ya pwani, na kwa hakika katika maadili ya Kiislamu yaliyoyalea, amana haiwi mali ya aliyewekewa hata ikikaa kwake miaka mia. Hawezi kuiuza, hawezi kuigawa, hawezi kuitumia kwa manufaa yake halafu akasema aliitunza vizuri. Shahada ya uzamifu ni manufaa yake. Kwa hivyo, nilimwambia, iache. Kwa fakhari ya mtu mzima nikaongeza methali: siri ya mtungi aijuaye ni kata. Wewe umekuwa kata, na kata haisemi.

Aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile. "Mwalimu, na yule mtoto wa Nyasa je? Yeye alimwekea nani amana?"

Nimelifikiria swali hilo tangu siku hiyo. Maadili yale yale yanayotufunza kusitiri yanatufunza pia kwamba afichaye ushahidi ametenda dhambi. Amana na ushahidi ni maneno mawili ya mfumo mmoja, na hapa yanakabiliana uso kwa uso. Ukimya juu ya asili ya watumwa katika pwani yetu haukuwa ukimya usio na mwenyewe. Uliwafaa wenye hati. Uliwawezesha wazao wa wenye mashamba kusema kwamba hapa hapakuwa na utumwa, palikuwa na jamaa na watoto wa nyumbani. Mtafiti anapoongeza ukimya wake juu ya ukimya huo, hata akiufanya kwa ajili ya heshima ya mzee, anasaidia pia kufutwa kwa mara ya pili kwa mtoto aliyefutwa jina mara ya kwanza alipopewa jina la bwana wake. Mzee yule alikuwa mzao wa mtoto huyo; lakini je, kuwa mzao kunatosha kumpa mtu umiliki wa mateso ya babu yake, awe na uwezo wa kuyafungia sandukuni?

Nilitafuta msaada katika mfano ulio kinyume na huu, na ambao msomaji wetu anaufahamu. Caroline Elkins alipoanza utafiti wake wa uzamifu katika chuo kikuu cha Harvard juu ya kambi za vizuizi za wakati wa Hali ya Hatari, aliziamini nyaraka rasmi zilizozieleza kambi hizo kuwa mahali pa kuwarekebisha watu. Baadaye alikuta kwamba faili nyingi hazipo, naye akaenda kwa wazee wa kike na wa kiume wa Kenya ya kati waliokuwa tayari kusema. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 2005, kikatuzwa, na pia kikashambuliwa vikali na baadhi ya wanahistoria waliodai kwamba ameyategemea mno masimulizi ya watu wenye dai. Mwaka wa 2009 wazee watano waliwasilisha kesi yao mjini London. Mwaka wa 2011 ikabainika kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imezificha, huko Hanslope Park, faili zipatazo 1,500 za Kenya zilizosafirishwa kabla ya uhuru. Mwezi wa Juni 2013 serikali hiyo ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa ukweli. Mimi kinanihuzunisha pia. Neno la wazee lilikuwa lile lile kabla ya faili kufichuka na baada ya faili kufichuka. Kilichobadilika ni karatasi ya mtesaji, ambayo ilipopatikana ndipo neno la mteswa likapata uzito. Wazee hao walitaka kusikika, na taaluma, walau sehemu yake, ikasita. Mzee wa pwani alitaka asisikike, na taaluma ikamtaka aandikwe. Katika visa vyote viwili aliyekuwa na kauli ya mwisho hakuwa msimulizi. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaosema kwamba suluhisho ni kupata ushahidi zaidi.

Kuna wanaosema kwamba suluhisho ni fomu ya ridhaa. Tangu sheria ya sayansi ya mwaka wa 2013 kuundia Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, kibali cha utafiti na barua ya kamati ya maadili vimekuwa sehemu ya safari ya kila mtahiniwa, nami siyadharau hayo. Kabla yake palikuwa na uholela mwingi. Lakini fomu hutiwa sahihi mwanzoni. Mzee anaweka dole gumba, kama alivyowahi kuliweka mbele ya maafisa wengi, juu ya karatasi inayosema kwamba ameridhia kueleza jambo ambalo yeye mwenyewe bado hajaamua kulieleza. Anawezaje kuridhia neno ambalo halijamtoka? Ridhaa yenye maana ni ile ya baada ya masimulizi: mtafiti arudi na alichokiandika, akisome kwa sauti, kwa lugha ya barazani si kwa lugha ya tasnifu, na msimulizi aseme hili liache, hili lirekebishe, hili sikulisema hivyo. Jambo hilo linahitaji nauli na muda. Sijawahi kuona ratiba ya utafiti iliyolitengea hata wiki mbili.

Mwanafunzi wetu alitaka kufanya hivyo. Aliandika sura ya nne mara mbili, moja ikiwa na habari ya Nyasa na nyingine bila yake, akapanga kumsomea mzee zote mbili amchagulie. Fedha za kurudi pwani zilichelewa, na hili ni jambo ambalo wanafunzi wote wa uzamifu wanalifahamu bila ya mimi kulieleza. Alipofika, baada ya miezi saba, alikuta matanga yamekwisha kuanuliwa. Wana wa mzee walimkaribisha vizuri, wakamwita dada, wakampa chai na mahamri. Katika mazungumzo alitambua kwamba hawajui. Baba yao hakuwaambia. Alikuwa amemwambia yeye.

Liko jambo moja la mwisho lililozungumzwa kabla ya kutetea tasnifu, nalo linatuhusu sisi watu wa fasihi. Mwenzangu mmoja alipendekeza kwamba habari hiyo iandikwe kama riwaya. Aristotle alikwisha kusema kwamba ushairi ni wa kifalsafa zaidi kuliko historia, kwani hushughulika na yanayoweza kutokea kwa jumla, ilhali historia hushughulika na yaliyotokea kwa fulani. Mtungie mtoto wa Nyasa jina, mwenzangu alisema, mpe jahazi na bwana, na ukweli utakuwa umesemwa bila ya mtu kuumia. Nililipenda pendekezo hilo kwa siku mbili. Siku ya tatu nikaona kwamba ni njia ya mkato. Riwaya ingeweza kutuambia jinsi utumwa ulivyokuwa. Isingeweza kutuambia kwamba ulikuwa hapa, katika shamba hili, na kwamba hati ile iliyoko kwa msajili ilijengwa juu yake. Nguvu ya historia ni huyo fulani ambaye Aristotle alimwona kuwa mdogo. Kumhamishia fulani katika riwaya ili tusimkosee ni kumwondolea kitu pekee alichokuwa nacho. Zaidi ya hayo, hadhira ya kijijini isingedanganyika kwa riwaya zaidi ya ilivyodanganyika kwa jina la kubandika.

Tasnifu ilitetewa bila ya habari ya Nyasa. Mtahini wa nje aliandika katika ripoti yake kwamba sura ya nne ina dai kubwa na ushahidi mchache, na alikuwa na haki. Nilikuwa nimekaa mezani nikijua kilichokuwamo ndani ya pengo hilo, na nilikaa kimya. Leo nisingemshauri vile. Ningemshauri aandike, katika mwili wa sura na wala si katika tanbihi, kwamba yapo aliyoambiwa na kukatazwa, kwamba yanahusu asili ya baadhi ya koo, na kwamba hatayaeleza. Mtahini angekasirika zaidi, labda. Lakini pengo lililotangazwa ni tofauti na pengo lililofunikwa. Lile la kwanza humwambia msomaji kwamba msimulizi alikuwa na hiari na aliitumia. La pili humfanya msimulizi aonekane kuwa hakuwa na la kusema. Ahadi ya mzee ingetimizwa, na yule mtoto angekuwa walau na nafasi tupu yenye umbo lake. Najua kwamba jibu hili halikidhi. Wapo watakaosema kwamba tangazo la siri ni nusu ya kuitoa, na katika kijiji kidogo huenda ni zaidi ya nusu.

Sasa huyo binti ni daktari wa falsafa na anafundisha. Mapema mwaka huu alinipigia simu jioni. Mwana mkubwa wa mzee alikuwa amempata kupitia kwa mtu wa kijijini. Wana kesi ya shamba, upande wa pili umeleta mashahidi wanaosema maneno wasiyoyaelewa kuhusu babu yao, na amekumbuka kwamba dada wa chuo kikuu alikaa na baba yao siku nyingi. Alimuuliza: je, baba alikwambia chochote kuhusu tulikotoka? Binti alimwambia kwamba atampigia. Kisha akanipigia mimi.

Nilimwambia asijibu kwa simu. Aende, akae naye peke yake, amuulize kwanza kama anataka kujua, na amweleze kwamba kujua na kuandika alivitenganisha baba yake mwenyewe. Mengine sikuwa na la kumshauri. Amepanga kwenda mwezi wa Agosti vyuo vikifungwa, na daftari atakwenda nalo.